Mchoro wa Mawimbi ya Ubongo

Katika nyanda za Mufindi, ambako misonobari ya Sao Hill hukatwa na kupelekwa Mgololo, karatasi ilianza kutengenezwa miaka ya 1980, na huko ndiko nilikoanza kuitafakari istilahi ya mchoro wa umeme wa ubongo. Kwa maana chombo chenyewe kiuchoracho, kabla ya kompyuta, kiliitegemea karatasi kabisa, kalamu nyembamba zikicheza juu ya ukanda mrefu uliokuwa ukivutwa mbele na kuacha mistari ya kupanda na kushuka, ambayo tabibu aliisoma kama mtu asomavyo waraka.

Wa kwanza kuinasa mistari hiyo katika kichwa cha mwanadamu alikuwa Hans Berger, tabibu wa Jena, Ujerumani, mwaka 1924, naye hakuitangaza habari yake hadi 1929. Jina alilolitunga, elektroensefalogramu, lina mashina matatu ya Kiyunani: umeme, ubongo, na maandishi.

Sisi aghalabu husema "kipimo cha mawimbi ya ubongo". Mawimbi nayakubali kwa moyo mkunjufu, kwani mtu wa pwani ajua kwamba wimbi hupita ilhali maji hubaki pale pale, na wa bara asiyepata kuiona bahari ameuona upepo ukipita juu ya nyasi. Linalonitia shaka ni neno kipimo. Hospitalini kwetu kipimo huahidi jibu: mgonjwa hutolewa damu, huketi kwenye benchi, kisha huambiwa kwamba malaria anayo au hana. Iwapo mwenye maradhi ya sonona atavikwa vifundo vya waya kichwani kwa jina hilo hilo, atangoja hukumu ambayo mashine haina.

Na sonona ni neno lililochaguliwa kwa busara. Huzuni, simanzi na jitimai humfikia kila mja, zikaondoka. Bali kusonona ni kuumia kwa ndani, na maradhi haya hudumu majuma mawili au zaidi, yakimnyima mtu usingizi, hamu ya chakula, na raha ya mambo aliyoyapenda. Wataalamu wameyatafuta katika mawimbi yaitwayo alfa, yapigayo mara 8 hadi 13 kwa nukta moja, ambayo huzidi pale sehemu ya ubongo inapopumzika; wengine wakaona kwamba kwa wenye sonona alfa huzidi upande wa kushoto wa paji la uso, wengine wakapima wasilione hilo. Kwa kifafa mchoro huu una nguvu kubwa. Kwa sonona ungali msaidizi wa utafiti, na tabibu, awe Mgololo au katika hospitali ya Mirembe iliyofunguliwa Dodoma mwaka 1927, hana budi kuuliza na kusikiliza.

Kwa hiyo nachagua kusema "mchoro wa mawimbi ya ubongo", ambao kwanza ni mwaminifu kwa Kiyunani cha Berger, na pili, jambo nilipendalo zaidi, haumdanganyi mgonjwa. Muuguzi wa Mufindi aweza kusema bila kumtisha mtu: "Kamwene, mama. Leo tutakuchora mawimbi ya ubongo. Halafu daktari atakaa nawe, umweleze tangu lini hulali."