Deni la Yowe

Katika nchi ya Wasukuma na Wanyamwezi, yowe la hatari huitwa mwano. Ulipolia usiku, kila mwanamume mwenye nguvu alitoka na silaha yake na kuelekea sauti ilikotoka, asiulize kwanza ni zizi la nani lililovunjwa. Aliyebaki kitandani aliulizwa asubuhi alikuwa wapi. Wajibu huo haukuhitaji kuandikwa kitabuni, kwa kuwa kila mtu alijua kwamba kesho huenda atakayepiga yowe ni yeye.

Ushujaa wa wanaoitika mwano umesifiwa sana, na wastahili sifa hizo. Sisi twataka kuzungumza habari za wale wanaobaki nyumbani, siku mwitikaji asiporudi.

Wajibu huu wa kale ulipata sura mpya mwanzoni mwa miaka ya 1980. Vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979 vilikuwa vimekwisha, lakini viliacha bunduki mikononi mwa watu wasiostahili kuwa nazo. Wizi wa ng'ombe na ujambazi ukazidi, na polisi walikuwa wachache na mbali. Ndipo wanavijiji wa Kahama, Nzega na wilaya za jirani walipojiunga katika vikundi vya ulinzi vilivyoitwa sungusungu, kwa jina la wale wadudu weusi wang'atao kwa pamoja. Kwingine waliitwa Wasalama, yaani watu wa amani. Silaha zao zilikuwa pinde na mishale, na wito wao ulikuwa filimbi na mwano. Mwaka 1989 Bunge lilirekebisha sheria za mgambo, na vikundi hivyo vikatambuliwa rasmi. Hatusemi kwamba havikukosa. Wapo watu walioteswa na hata kuuawa navyo pasipo haki, na jambo hilo halifai kufichwa. Lakini ni kweli pia kwamba mshale ulisimama mbele ya bunduki, na wapo waliotoka usiku wasirudi.

Je, jamii ilikuwa na nini cha kuwapa waliofiwa? Ilikuwa na mengi. Msiba unapotokea, majirani huja na unga, kuni na maji. Vijana huchimba kaburi, na wanawake hupika ili mfiwa asihangaike na jiko. Msimu wa kilimo unapowadia, vipo vikundi vya kulima kwa ngoma na nyimbo, ambavyo Wasukuma husifika kwavyo, na shamba la mtu mmoja huwa kazi nyepesi mbele ya majembe mengi. Tena ipo desturi ya mwenye ng'ombe wengi kumkabidhi asiye nao ng'ombe kadhaa, awachunge na kunywa maziwa yao. Hii ni hazina ya utamaduni wetu, nasi twaienzi.

Hata hivyo, hazina hii ina matundu, na asiyeyasema hasaidii kuyaziba. Wahenga walinena: asiyekuwepo na lake halipo. Matanga yakisha kuanuliwa, kila mtu hurudi kwenye shughuli zake. Lakini mtoto aliyekuwa mgongoni siku ya maziko atahitaji daftari na sare kwa miaka mingi ijayo. Isitoshe, kanuni za sheria za mila zilizotangazwa mwaka 1963 zilimnyima mjane fungu katika urithi wa mumewe ikiwa marehemu ana ndugu wa ukoo, zikamwambia ategemee kutunzwa na watoto wake. Basi ng'ombe aliyetolewa na kijiji kwa machozi aweza kuondoka zizini akiswagwa na shemeji.

Wala serikali peke yake haikuziba pengo hilo. Mwajiriwa akifa kazini, upo Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, uliotokana na sheria ya mwaka 2008. Lakini mwanakijiji aliyeitika mwano hakuajiriwa na mtu. Alikuwa mtumishi wa wote, na mtumishi wa wote aghalabu hana bwana wa kudaiwa.

Kwa maoni yetu, kosa limo katika jina tulilolipa jambo lenyewe. Tumeliita sadaka, ilhali ni deni. Sadaka hutolewa kwa hiari, na mtoaji husifiwa; deni hulipwa, na asiyelipa huona haya. Sungusungu waliweza kumtoza faini mtu asiyeitika mwano. Kwa nini kijiji hichohicho kisiweze kumdai mtu anayewasahau mayatima wa aliyeitika? Shamba la mjane huyo na lilimwe kabla ya mashamba mengine. Ng'ombe wake na aandikwe kwa jina lake na la watoto wake, mbele ya mashahidi. Karo na sare za watoto zisomwe katika mkutano wa kijiji kila mwaka, mpaka mtoto wa mwisho ajitegemee.

Tusidhani kwamba kwa kufanya hivyo tutakuwa tumemfadhili mjane. Kijana atakayesikia mwano usiku wa leo hupita kila siku mbele ya nyumba yake, akaona kama paa limeezekwa na kama watoto wamekwenda shule. Kwa yale anayoyaona hapo ndipo atakapoamua kutoka, au kujifunika shuka.