Sharti la Kurejea Kwao

Katika sharia ya uhamiaji iliyopitishwa Marekani mwaka 1924, ambayo iliyawekea mataifa mengi ya dunia idadi maalumu ya watu wao watakaoruhusiwa kuhamia huko, mwanafunzi alitolewa katika hesabu hiyo akafunguliwa mlango wake peke yake, kwa sharti kwamba kilichomleta ni kutafuta elimu wala si jambo jengine. Sharia ya mwaka 1952 ikalikaza fundo kwa kauli ya wazi zaidi: mwanafunzi awe na maskani katika nchi ya kigeni ambayo hana nia ya kuyahama. Na kwa kuwa sharia hiyo hiyo iliyawekea makoloni watu 100 tu kila koloni kwa mwaka, kijana wa Kenya aliyetamani kubaki baada ya masomo hakuwa na njia ila nyembamba mno.

Hivyo ndivyo mambo yalivyokuwa hapo Septemba 1959, ilipotua New York ndege iliyowachukua vijana 81 kutoka Nairobi, kwa jitihada za mwanasiasa wa Kenya Tom Mboya na wahisani aliowapata huko Marekani, miongoni mwao Jackie Robinson, Harry Belafonte na Sidney Poitier. Azma ya Mboya na matakwa ya sharia zilikutana, ingawa kila moja ilikuwa na sababu yake: Marekani haikutaka vijana hao wakae, na Kenya, iliyokuwa ikikaribia uhuru, iliwahitaji warejee washike kazi zilizokuwa mikononi mwa Waingereza.

Wangari Maathai, kijana mwengine wa Kenya aliyekwenda mwaka 1960 kusoma Atchison, katika jimbo la Kansas, alirejea mwaka 1966 kwa hiari yake akiwa na shahada ya pili, akaikuta kazi aliyoahidiwa katika chuo cha Nairobi imekwisha kupewa mtu mwengine. Barack Obama mzee, baba wa rais wa Marekani wa jina hilo, aliyekuwa Harvard akiiandama shahada ya udaktari, alinyimwa idhini ya kuongezewa muda mwaka 1964, akaondoka kabla hajaikamilisha. Nasikitika kila niwakumbukapo wawili hawa, kwani sharia iliyohukumu kwamba mahali pa msomi ni kwao haikuuliza kama huko kwao amewekewa nafasi, wala kama elimu aliyoifuata imetimia.

Mwaka 1965 hesabu za mataifa zilifutwa. Sharti la mwanafunzi likabaki. Ruhusa ya kufanya kazi ya mazoezi, iliyokuwapo tangu 1947, iliwekwa kuwa miezi 12 mwaka 1992, na tangu 2016 waliosomea sayansi na ufundi huweza kufikia miezi 36. Sharia ya mwaka 1990 nayo iliwawekea wenye viza ya kazi ya H-1B kikomo cha watu 65,000 kwa mwaka, ikawaondolea ulazima wa kuthibitisha kwamba hawana nia ya kuhamia. Lakini mwanafunzi, ambaye mara nyingi ndiye huyo huyo atakayeiomba viza hiyo baada ya miaka michache, hakuondolewa ulazima huo.