Mimba Nje ya Mji wa Mimba: Mbinga na Ufuo wa Nyasa

Mimba nje ya mji wa mimba ni ile ambayo yai lililorutubishwa, badala ya kushuka hadi katika makao yake, hukwama njiani likaanza kukua mahali pasipokuwa na nafasi wala riziki yake. Zaidi ya mara tisa katika kumi mahali hapo huwa ni mrija wa uzazi, mfereji mwembamba usioweza kutanuka kwa kiasi kinachotakiwa, ambao hatimaye huweza kupasuka na kumwaga damu tumboni. Ajali hii hupata mimba moja au mbili katika kila mia. Tabibu wa Andalusia, Abul Qasim al-Zahrawi, aliyefariki yapata mwaka 1013, aliandika habari za mimba ya namna hii. Walakini mpaka mwaka 1883 ndipo Robert Lawson Tait, mpasuaji wa Birmingham, alipofungua tumbo la mwanamke aliyepasukiwa, akauondoa mrija, na mgonjwa akapona.

Chanzo aghalabu ni makovu ndani ya mrija: ya kisonono na klamidia, ya maradhi yaliyofuata uzazi au kuharibika kwa mimba, au ya upasuaji wa zamani, uvutaji wa sigara nao huzidisha hatari. Katika ufuo wa Ziwa Nyasa, kutoka Lituhi hadi Liuli na Mbamba Bay, yafaa kukitaja na kichocho, kwa kuwa mayai ya mdudu wake yamewahi kukutwa katika mirija ya wanawake, na mwanamke wa huko huingia ziwani tangu utotoni kufua, kuosha vyombo na kuteka maji. Hata hivyo takriban nusu ya waliopatwa hawana sababu yoyote ijulikanayo, na neno hili lapasa kutangulia kila nasaha: wanaonong'ona habari za laana au za zinaa humtia jeraha la pili mtu asiye na taksiri. Na yakithibitika maradhi ya kuambukizana, mume hutibiwa pamoja na mkewe.

Dalili ni hedhi kukawia, damu kutoka kidogo kidogo, maumivu ya upande mmoja chini ya kitovu, kizunguzungu, na wakati mwingine maumivu ya ncha ya bega, ambayo husababishwa na damu kufika kwenye kiwambo kilicho chini ya mapafu. Kipimo cha mkojo huonyesha mimba kama kawaida, kwa hiyo hakitoshi. Ultrasaundi ndiyo huonyesha ilipotunga. Mgonjwa wa milima ya Umatengo hupelekwa Litembo au hospitali ya Mbinga, wa ufuoni Liuli, na hali ikizidi, Peramiho au Songea. Penye uhaba wa damu ya akiba, wapasuaji wengi wa Afrika wamefuata njia aliyoieleza Johannes Thies wa Leipzig mwaka 1914: damu iliyojaa tumboni huchotwa kwa upawa uliochemshwa, huchujwa kwa tabaka kadhaa za shashi, hutiwa katika chupa yenye dawa ya kuizuia isigande, kisha humrudia mwenyewe mshipani.

Arudipo nyumbani, mama huyu hana kaburi la kuonyesha wala siku za matanga, ilhali amefiwa. Kwa majuma sita hivi asichimbe ngoro, yale mashimo ya kilimo cha Wamatengo, wala kubeba ndoo. Ale dagaa wa usipa, maharage na mboga za majani, na ameze vidonge vya kuongeza damu. Huzuni yake haina muda uliopangwa, na mume naye huhuzunika hata asiposema.

Kuhusu kushika mimba tena, mrija mmoja mzima watosha, kwani waweza kulipokea hata yai la upande wa pili. Wapatao wawili katika kila watatu wanaojaribu hufanikiwa katika mwaka mmoja na nusu au miwili, ingawa mmoja katika kumi hurudiwa na ajali ile ile. Kwa kawaida hungojwa hedhi mbili. Aliyetibiwa kwa dawa ya methotreksati badala ya upasuaji hungoja miezi mitatu, maana dawa hiyo huzuia kazi ya asidi ya foliki. Aliyepoteza mirija yote miwili hubakiwa na njia ya kurutubisha yai nje ya mwili, iliyozaa matunda kwa mara ya kwanza Uingereza mwaka 1978, nayo kwa mkulima wa kahawa wa Mbinga bado ni ghali mno.

Mimba mpya ikithibitika, ultrasaundi yatakiwa katika juma la sita au la saba, pasipo kungoja maumivu, na historia ya mama iandikwe mahali pa kuonekana kwenye kadi ya kliniki. Desturi ya chigonela, nyumba ya kusubiria uzazi karibu na hospitali, imewekwa kwa ajili ya mwezi wa tisa. Kwa mama aliyewahi kupasukiwa, anayeishi ng'ambo ya mteremko au safari ya mtumbwi kutoka kwa mpasuaji, mwezi wa kulala karibu na hospitali ni wa pili.