Biashara ya watumwa, utumwa: tofauti ya matumizi

utumwa *nm* [u-] hali ya mtu kumilikiwa na mwingine kama mali, kutumikishwa bila hiari na kunyimwa haki ya kuondoka.

biashara ya watumwa *nm* [i-/zi-] ununuzi, usafirishaji na uuzaji wa watu waliotiwa utumwani.

Asili. *Mtumwa* limetokana na kitenzi *tuma* katika kauli ya kutendwa: mtu anayetumwa. Shina hilohilo limezaa *mtume*, *mtumishi* na *utumishi*. Kinachomtenga mtumwa na mtumishi ni kukosa hiari.

Tofauti. Istilahi hizi mbili hutumiwa mara nyingi kana kwamba zina maana moja. Biashara ni tendo la kumhamisha mtu kutoka mkono mmoja hadi mwingine. Utumwa ni hali anayobaki nayo baada ya kuhamishwa, na ambayo watoto wake huweza kuirithi. Sheria inayopiga marufuku ya kwanza haiigusi ya pili. Sentensi "Utumwa ulikomeshwa Zanzibar mwaka 1873", inayojirudia katika insha na tafsiri, ina kosa la lugha linalozaa kosa la historia.

Mfano wa Rufiji. Tarehe 5 Juni 1873 Sultani Barghash bin Said wa Zanzibar alitia sahihi mkataba na Uingereza uliokataza kusafirisha watumwa kwa bahari na kufunga masoko yao ya hadharani. Kilwa Kivinje ilikuwa bandari kuu ya kusafirishia mateka waliotoka pande za Ziwa Nyasa. Njia ya majini ilipozibwa, wafanyabiashara waligeukia nchi kavu: misafara ilitoka Kilwa, ikavuka Mto Rufiji na kuelekea kaskazini kwa kufuata pwani, katika ukanda ambao sehemu yake leo imo ndani ya Wilaya ya Kibiti, yenye kata kama Mtawanya. Frederic Elton, ofisa wa Uingereza aliyepita pwani hiyo mwishoni mwa 1873 na mwanzoni mwa 1874, alihesabu watumwa zaidi ya 4,000 waliopelekwa kaskazini kwa muda wa takriban mwezi mmoja. Kwa watu hao, mkataba haukuwa mwisho wa utumwa. Ulibadili safari ya jahazi kuwa safari ya miguu. Mwaka 1876 Barghash alitoa matangazo ya kukataza misafara hiyo ya bara pia, lakini watu waliokuwa tayari wakimilikiwa walibaki watumwa.

Tarehe za kutofautisha.

- 1873: biashara ya watumwa kwa njia ya bahari, Zanzibar na milki zake.
- 1876: misafara ya watumwa ya nchi kavu.
- 1897: hali ya utumwa yaacha kutambuliwa kisheria Unguja na Pemba; masuria hawakuhusishwa hadi 1909.
- 1904: amri ya Wajerumani kwamba watoto wa watumwa watakaozaliwa baada ya tarehe 31 Desemba 1905 watakuwa huru, wazazi wao hawakukombolewa kwa amri hiyo.
- 1907: hali ya utumwa yafutwa katika pwani ya Kenya.
- 1922: utumwa wapigwa marufuku Tanganyika, chini ya Waingereza.

Kwa hiyo mtoto aliyezaliwa utumwani katika delta ya Rufiji mwaka wa mkataba wa Barghash angeweza kufikisha umri wa karibu miaka 50 kabla sheria ya nchi haijaukataza utumwa wenyewe.

Katika kutafsiri historia ya Marekani. Tofauti hiyohiyo inahitajika. Marekani ilikataza kuingiza watumwa kutoka nje kuanzia 1808, lakini utumwa ulidumu hadi Marekebisho ya 13 ya Katiba, mwaka 1865. Katikati ya tarehe hizo, watu wapatao milioni moja walihamishwa kwa nguvu kutoka majimbo ya zamani kama Virginia na Maryland kwenda kwenye mashamba ya pamba ya kusini na magharibi. Hiyo ni *biashara ya ndani ya watumwa*, na isichanganywe na ile ya kuvuka Atlantiki.

Mfasiri atahitaji pia istilahi ya tatu: *kuenea kwa utumwa*. Nchi ilipopanuka kuelekea magharibi, mgogoro mkubwa, kuanzia Mapatano ya Missouri ya 1820 hadi Sheria ya Kansas na Nebraska ya 1854, ulihusu iwapo utumwa uruhusiwe katika maeneo mapya. Abraham Lincoln aligombea urais mwaka 1860 akipinga kuenea huko, bila kudai utumwa ufutwe palipokuwa na utumwa tayari. Kumwita *mkomeshaji wa utumwa* katika matini inayohusu 1860 ni kumtangulizia msimamo. Frederick Douglass, aliyetoroka utumwani mwaka 1838 na kutaka utumwa ufutwe kila mahali, anastahili neno hilo.

Maneno yanayohusiana.

- *mateka*: mtu aliyetekwa vitani au katika uvamizi, si kila mateka alikuwa mtumwa.
- *mtwana*, *mjakazi*: mtumwa wa kiume, mtumwa wa kike.
- *suria*: mjakazi aliyefanywa kinyumba na bwana wake; wana aliozaa na bwana huyo walihesabiwa huru.
- *mzalia*: mtumwa aliyezaliwa pwani, tofauti na *mjinga*, aliyeletwa karibuni kutoka bara. Maana hii ya *mjinga* imepotea. Dharau iliyokuwamo imebaki.
- *mtoro*: mtumwa aliyekimbia, leo hutumika zaidi kwa mwanafunzi asiyehudhuria shule.
- *acha huru*: bwana kumtoa mtu mmoja utumwani. Lisitumike kwa sheria inayofuta utumwa kwa wote.
- *komboa*: kutoa mtu utumwani kwa malipo; kutokana nalo, *ukombozi*.

Sahihi na si sahihi.

- ✗ Mkataba wa 1873 uliwaacha huru watumwa wa pwani.
- ✓ Mkataba wa 1873 ulikataza kusafirisha watumwa kwa bahari.
- ✗ Biashara ya watumwa ya Tanganyika ilifutwa mwaka 1922.
- ✓ Utumwa ulipigwa marufuku Tanganyika mwaka 1922.

Kabla ya kuandika *komesha* au *futa*, ni vyema kuuliza: kilichofutwa ni soko, safari, au umiliki wenyewe?