Matangi ya sigara za umeme: mambo ya kuangalia kabla hujatoa pesa yako

Leo siasa naiweka pembeni kidogo. Kuna jambo limenishughulisha tangu mwaka 2025 na nimeona bora niliandike lote sehemu moja, maana kila wiki napigiwa simu na watu wale wale wakiuliza swali lile lile: "Dogo, lile tangi la mjomba wako mlinunua lipi?"

Mjomba wangu anafanya kazi ya usiku ghalani hapa Leicester. Amevuta sigara tangu kabla mimi sijazaliwa, kama kumi na tano kwa siku, na zaidi akiwa na mawazo. Mwaka 2024 daktari alimpa maneno mafupi tu kuhusu kifua chake, akatoka pale akanunua zile sigara za umeme za kuvuta na kutupa. Zilimsaidia kweli, kikohozi cha asubuhi kikapungua mpaka shangazi akagundua. Halafu tarehe 1 Juni 2025 Uingereza ikapiga marufuku kuuza hizo za kutupa, kwa sababu ya takataka za betri na kwa sababu watoto wa shule walikuwa wamezishikia bango. Zikabaki za kuchaji na kujaza upya.

Mjomba akaingia dukani akanunua tangi la kwanza aliloonyeshwa. Siku ya pili likamvujia kwenye suruali ya kazi. Siku ya tatu likaanza kutoa ladha ya nguo iliyoungua. Siku ya nne nikamkuta nyuma ya nyumba na sigara ya kawaida mkononi. Nikamwamkia, akaitikia bila kunitazama, kisha akasema, "Mjomba, haya madude yenu ya vijana mimi nimeshindwa."

Ndo nikaanza kuchimba. Mimi mwenyewe sivuti chochote, na kama wewe huvuti naomba usianze kwa sababu ya makala hii. Elimu yangu ni Form Four, lakini fizikia ya Form Two ilitosha kabisa. Nikanunua matangi matatu ya bei tofauti, nikayajaza, nikayalaza usiku kucha juu ya tishu, nikayafungua na kuyaosha mpaka vidole vikanuka embe. Kuvuta alivuta mjomba.

Kwanza tuelewane tangi ni kitu gani. Mchina mmoja mfamasia, Hon Lik, ndiye anayetajwa kuwa alibuni sigara ya umeme ya kisasa mwaka 2003. Zile za mwanzo hazikuwa na tangi. Juisi ilikaa kwenye kifuko kidogo chenye nyuzinyuzi kama za mto, ikiisha unadondoshea tena kwa kubahatisha. Baadaye vikaja vichupa vya plastiki angavu ambavyo unaona juisi imebaki kiasi gani, na waya wa kuchemsha ukiwa juu, tambi zinaning'inia chini. Shida yake juisi ilikuwa ikipungua tambi zinakauka. Kwa hiyo mafundi wakageuza, wakauweka waya chini kabisa ambako juisi inakwenda yenyewe. Aspire Nautilus, iliyotoka mwaka 2013, ni mfano unaojulikana: kioo, koili chini, na pete ya kuzungusha yenye matundu manne ya hewa ya ukubwa tofauti. Matangi mengi ya leo ni watoto wa mpangilio huo.

Ukilifungua tangi utakuta kipande cha mdomoni, kioo au plastiki ya kuhifadhi juisi, bomba la katikati la kupitisha mvuke, koili (ni waya uliozungushwa na pamba kuuzunguka), vimpira vya kuzuia kuvuja, na chini pete ya hewa. Mwisho kuna sehemu ya kufungia kwenye betri. Hiyo ya kufungia kwa kawaida inaitwa 510, jina lililotokana na modeli ya zamani ya kampuni ya Joye. Tangi la 510 litafunga kwenye betri ya 510 hata kama kampuni ni tofauti. Vile vidogo vya kuchomeka kwa sumaku haviingiliani hivyo, ukinunua cha kampuni fulani umeshafunga nayo ndoa.

Sasa kitu kikubwa kuliko vyote: KOILI. Watu wanaangalia rangi na umbo la tangi, koili hawaulizi. Kila koili ina namba ya omu, yaani ukinzani. Chukua volti, zidisha zenyewe kwa zenyewe, gawa kwa omu, unapata wati. Betri ya volti 3.7 kwenye koili ya omu 1.8 inatoa kama wati 7.6. Betri ile ile kwenye koili ya omu 0.5 inatoa zaidi ya wati 27. Hiyo ni tofauti ya jiko la mkaa na moto wa kuchomea matofali!

Koili za juu ya omu 1 ni za kuvuta kama sigara, moshi unaingia mdomoni kwanza ndo unashuka. Zinatumia wati chache, mvuke mdogo, juisi haiishi haraka. Koili za chini ya omu 1 ni za kuvuta moja kwa moja mpaka kifuani kwa hewa nyingi, ndizo zinazotoa yale mawingu mnayoyaona vituo vya basi. Mvutaji wa miaka mingi kama mjomba anataka kile kitu cha kukaba kooni, anataka abane. Yule muuzaji alimpa tangi la mawingu na juisi kali ya miligramu 20, akakohoa mpaka machozi. Kwangu mimi hilo ndilo kosa namba moja. Juisi kali iendane na koili ya omu kubwa na wati ndogo, ukienda kwenye mawingu shusha nikotini mpaka miligramu 3 hivi.

Juisi nayo ina uzito wake. Ndani kuna propilini glikoli, ambayo ni nyepesi, na gliserini ya mimea, ambayo ni nzito kama asali iliyotiwa maji kidogo. Koili za omu kubwa zina matundu madogo, zinapenda nusu kwa nusu. Ukiweka yenye gliserini asilimia 70 kwenye koili hiyo, juisi inachelewa kufika kwenye pamba, pamba inakauka, inaungua. Ukifanya kinyume, nyepesi kwenye koili ya matundu makubwa, inamiminika na kuvuja kwenye pete ya hewa. Lile tangi la kwanza la mjomba tulilijaribu tena kwa juisi iliyolifaa na halikuvuja hata tone. Tangi lilionewa bure.

Ladha ya kuungua pia tuliijua chanzo chake. Koili mpya haivutwi papo hapo. Dondoshea matone machache juu ya pamba, jaza tangi, acha dakika kumi, anza na wati ndogo kabisa ya zile zilizoandikwa kwenye koili. Mjomba alijaza akavuta pale pale mlangoni pa duka, pamba ikaungua siku ile ile, na pamba ikishaungua hairudi.

Hilo si la ladha tu. Januari 2015 watafiti wa Portland State University waliandika kwenye jarida la New England Journal of Medicine kwamba kifaa cha tangi kikiwekwa volti 5.0 mvuke wake ulikuwa na fomaldehaidi iliyojificha kwenye kemikali nyingine, na kwa volti 3.3 hawakuikuta. Watafiti wengine wakajibu kwamba kwa moto huo mvutaji wa kawaida angepata mvuke mkavu mchungu na angeacha mwenyewe. Mimi nachukua pande zote mbili: ukisikia ladha ya kuungua usijikaze kiume, toa koili, weka mpya. Pakiti ya koili tano tulilipa pauni 11, na moja inamkaa mjomba siku kumi mpaka kumi na nne. Zile juisi tamu sana zenye sukraloso zinaziba koili mapema, unaikuta nyeusi kama sufuria ya ubwabwa.

Kuvuja. Hapa nilitumia tishu nyingi kuliko msibani. Sababu ya kwanza ni vimpira: kikiwa kimepasuka au kimekaa upande, tangi zima halina maana. Hakikisha kwenye boksi kuna vya akiba. Ya pili ni koili ambayo haikukazwa, au imekazwa kupita kiasi mpaka mpira ukajikunja. Ya tatu ni kujaza kupitia bomba la katikati, kosa la wengi wa mara ya kwanza. Chagua tangi la kujazia juu, lenye tundu pana, na funga matundu ya hewa wakati wa kujaza. Yale ya kujazia chini ni lazima uyapindue, ukisahau kidogo unaoga. Halafu kama tangi ni la plastiki, jihadhari na juisi za mdalasini na za machungwa, baadhi huipasua. Kioo ni bora, mradi usilidondoshe kwenye sakafu ya jikoni kama mimi (samahani shangazi).

Kuhusu ukubwa, hapa sheria imeshaamua. Kwa kanuni zilizoanza kutumika 20 Mei 2016, tangi linalouzwa Uingereza kwa ajili ya juisi ya nikotini halizidi mililita 2, chupa ya juisi ya nikotini haizidi mililita 10, na ukali hauzidi miligramu 20 kwa mililita. Ni kanuni zilizotoka Umoja wa Ulaya na nchi wanachama wanazo pia. Ukiona mtandaoni tangi la mililita 5 au 6 jua halikulengwa soko hili. Zile chupa kubwa za mililita 50 zinauzwa bila nikotini, mnunuzi anaongeza mwenyewe kichupa cha mililita 10 chenye miligramu 18. Hesabu: 180 gawa kwa 60, unapata miligramu 3 kwa mililita. Ni ya mawingu hiyo, si ya mjomba.

Je, inasaidia kuacha sigara au tunabadilisha kamba tu? Mwaka 2019 Queen Mary University ya London walitoa matokeo ya watu 886 waliotaka kuacha. Kundi moja lilipewa dawa za nikotini, vibandiko na bazoka na kadhalika. La pili lilipewa sigara ya umeme ya kujaza upya, yaani hii hii tunayoijadili. Baada ya mwaka walioacha sigara walikuwa asilimia 9.9 kundi la kwanza na 18.0 kundi la pili. Lakini msishangilie haraka: kati ya walioacha kwa sigara ya umeme, asilimia 80 walikuwa bado wanaitumia mwaka ulipokwisha. Na zaidi ya asilimia 80 ya kundi zima hawakuacha. Hata NHS wanaoipendekeza kwa wavutaji wanasema ina madhara machache kuliko sigara. Hawasemi haina.

Usiweke kwenye tangi kitu kingine chochote. Marekani mwaka 2019 watu waliugua mapafu kwa wingi, na mpaka 18 Februari 2020 walikuwa wamehesabiwa 2,807 na vifo 68. Mshukiwa mkubwa alikuwa asetati ya vitamini E, mafuta yaliyochanganywa kwenye juisi za bangi za mtaani. Mafuta si ya kuvutwa, iwe ya karafuu ya bibi au ya dukani.

Hili la mwisho ndilo lililonifanya niandike. Nilipokuwa nafanya majaribio yangu jikoni niliacha chupa wazi nikaenda kufungua mlango. Niliporudi mtoto wa dada, ana miaka miwili, alikuwa amesimama juu ya kiti, ameishika. Embe, jamani, ina harufu ya embe! Hakuonja. Lakini Desemba 2014 mtoto mdogo jimboni New York alifariki kwa kumeza nikotini ya maji. Nikotini inapita hata kwenye ngozi. Sasa kwetu chupa zinakaa juu ya kabati pamoja na dawa, kifuniko ni cha kubonyeza na kuzungusha, na tangi tulilochagua lina kufuli la mtoto kwenye mfuniko wa juu. Kati ya matatu niliyonunua ni moja tu lililokuwa nalo, na wala halikuwa la bei kubwa.

Kwa wanaosafiri: betri inakaa kwenye begi la mkononi, si la chini ya ndege, na tangi limwage kabla, maana hewa ya kule juu inasukuma juisi nje. Wa Kampala mjue Uganda ilipiga marufuku kuingiza na kuuza vifaa hivi kwa sheria yake ya tumbaku ya mwaka 2015. Usimpelekee mtu zawadi.

Mjomba ana koili ya omu 1.2, juisi nusu kwa nusu, alianza na miligramu 18 na sasa yuko 12. Sigara ya kawaida alivuta mbili kwenye msiba mwezi uliopita, alinieleza mwenyewe bila kuulizwa. Anataka kushuka mpaka 6. Kama kuna mdau ameshashuka hivyo akafika sifuri, atuandikie hapo chini alitumia muda gani. Nitamsomea mjomba.