Uti wa mgongo unapopinda utu uzimani
Kupinda kwa uti wa mgongo kuelekea kando, yaani skoliosisi, si sawa na kibiongo, ambacho huuinamisha mbele. Wala si maradhi ya watoto pekee. Mpindo uliozidi nyuzi 50 huweza kuongezeka kwa takriban uzi mmoja kila mwaka hata baada ya mtu kukoma kurefuka. Kwa wengine huanza uzeeni, gegedu baina ya pingili zinapochakaa.

Neva zikibanwa, miguu hufa ganzi mtu akitembea; akiketi au kuinama hupata nafuu. Hapo ndipo suala la upasuaji huzuka, na eksirei pekee hailiamui, kwani wapo wenye mpindo mkubwa wasioumwa sana. Mazoezi, dawa na sindano hutangulizwa.

Upasuaji wenyewe si mwepesi. Pingili huunganishwa kwa vyuma na skrubu, na sehemu hiyo haikunjiki tena. Maambukizi, neva kujeruhiwa na mifupa kukosa kushikana, hasa kwa wavutaji sigara, ni hatari zinazojulikana. Kupona huweza kuchukua mwaka, na si maumivu yote huondoka. Hata hivyo, anayeshindwa ghafla kuzuia mkojo au kuinua mguu asingoje miadi, akimbizwe hospitalini.