London mpaka Eastleigh

Ukipita Juja Road ukaona ua wa kambi ya jeshi la anga, jua kwamba mgeni wa London alikuwa akishukia hapo. Ndiyo, hapo hapo Eastleigh, hatua chache kutoka Pumwani. Kabla ya Embakasi huo ndio uliokuwa uwanja mkubwa wa mji huu.

London na Nairobi zimetengana kwa kilomita kama 6,800. Hizo haziongezeki wala hazipungui. Kilichopungua ni muda. Imperial Airways ilipoanza kuchukua abiria hadi Cape Town mwaka 1932, kufika Nairobi kulichukua karibu wiki nzima. Usiku ndege hazikuruka, watu walilala hotelini. Tena kuanzia Paris hadi Brindisi kule Italia ulipanda treni! Halafu ndege ya majini hadi Misri, kisha mkaufuata mto Nile kituo kwa kituo: Khartoum, Juba, mpaka Kisumu.

Eastleigh yenyewe ilikuja na Vita vya Pili, ikiwa kambi ya ndege za Waingereza. Tarehe 1 Februari 1952 Elizabeth, binti wa mfalme wao, alishuka hapo. Alikuwa ameondoka London jana yake tu. Siku tano baadaye baba yake akafa, akarudi kwao akiwa malkia, ila alipitia Entebbe, si huku kwetu.

Basi ndege zikawa kubwa zaidi. Nairobi iko juu sana, kama mita 1,600 kutoka usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, kwa hivyo ndege nzito inataka njia ndefu ndipo iruke. Ikabidi uwanja mpya ujengwe Embakasi, na ukafunguliwa Mei 1958.

Sasa hebu jiulize, nani aliyechimba? Walichimba wafungwa wa Mau Mau, maelfu yao, kwa majembe na karai, chini ya bunduki. Hiyo ilikuwa miaka ya Hali ya Hatari. Tarehe 24 Aprili 1954 askari walizingira mitaa yetu hii ya Eastlands katika Operesheni Anvil, wakasomba Wakikuyu, Waembu na Wameru nyumba kwa nyumba. Wengi walipelekwa Lang'ata, Mackinnon Road na Manyani. Wale wa jela ya Embakasi ndio walioshikishwa majembe ya uwanja. Kwenye vitabu vingi utasoma jina la gavana wa wakati huo, Baring. Majina ya hao wengine utayatafuta sana.

Leo mtu anaswali tarawehe hapa Nairobi, anapanda ndege usiku, na baada ya masaa 8 na nusu au 9 yuko London, kweupe hata hakujawa sawasawa. Mwaka 1978 abiria walijengewa jengo jipya, na uwanja ukaja kuitwa Jomo Kenyatta. Lakini njia ya kurukia ni moja tu mpaka sasa, na ni ile ile ya Embakasi.